Mashudu yakileta shida: jinsi ya kutafuta chanzo kuku wakidumaa, maziwa yakigoma na mayai yakibadilika rangi

Viwanda vya Lira, kaskazini mwa Uganda, vikianza kukamua alizeti na soya, malori yanayoteremka kwenda Kampala hushusha magunia ya mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, njiani: Karuma, Bweyale, Kigumba, Nakasongola, Luweero. Mfugaji ananunua, anachanganya na pumba, na baada ya wiki mbili au tatu anaanza kulalamika. Kuku hawakui. Mayai yana rangi ya ajabu. Ndama amekufa. Wengi hufikia uamuzi kwamba mashudu ni sumu na kurudi kulisha pumba tupu, na hapo hasara huongezeka maradufu, kwa sababu hakuna chakula kingine cha protini kinachopatikana kwa wingi namna hii kwa bei ambayo mfugaji mdogo wa Uganda anaimudu.

Msimamo wangu ni kwamba mashudu huwa hayana kosa kwa kuwa mashudu. Kosa liko kwenye mbegu iliyotumika, mashine iliyokamua, mnyama aliyelishwa, au mahali gunia lilipokaa. Mafuta yakitoka kwenye mbegu, protini hubaki na kujilimbikiza. Lakini hubaki pia maganda, sumu asilia za mmea wenyewe, na ukungu wowote ulioingia shambani au ghalani. Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote, jibu maswali manne. Haya ni mashudu ya nini? Yalikamuliwa kwa mashine gani, ya moto au ya baridi? Anayekula ni nani, na ana umri gani? Gunia limekaa wapi, tangu lini? Muuzaji akikujibu tu kwamba ni "ya mafuta," usilipe mpaka ajue. Gunia lisilojulikana mbegu yake haliwezi kuchanganywa kwa akili.

Vifaranga wanakula vizuri lakini hawakui

Hili ndilo lalamiko linalokuja mara nyingi kuliko mengine. Vifaranga wa wiki tatu wana umbo la wiki moja na nusu, kundi halilingani, kinyesi ni chepesi na kina chembe za chakula ambazo hazikusagika tumboni. Chanjo wamepata na hakuna anayekoroma. Kama chakula chao kina soya, anzia kwenye soya.

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyokifunga kimeng'enya kinachovunja protini tumboni. Kongosho huhangaika kutoa vimeng'enya zaidi na zaidi hadi kuvimba. Ukimpasua kifaranga aliyekufa utakiona: kipande chembamba cha rangi ya waridi iliyopauka kilicholala ndani ya kunjo la kwanza la utumbo, kikiwa kinene kuliko kawaida. Joto huviharibu vizuizi hivyo. Mashine kubwa inayokamua kwa moto huivisha mashudu wakati ikiyakamua. Mashine ndogo ya mtaani inayopitishiwa mbegu baridi mara moja inaweza isifikie joto la kutosha. Na wapo wanaosaga soya nzima ikiwa mbichi na kuiita chakula cha kuku.

Kipimo chake unaweza kukifanya nyumbani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Tia kijiko kikubwa cha mashudu ya soya yaliyosagwa, kijiko cha chai cha mbolea ya urea, kisha maji kidogo mpaka upate uji mzito. Funga, weka kivulini dakika 20, halafu fungua na unuse. Soya mbichi ina kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huivunja urea na kutoa amonia. Ukipigwa na harufu kali inayochoma pua, ile ile ya banda ambalo halijabadilishwa matandiko, ujue mashudu hayakuiva. Usiposikia kitu, au ukisikia kwa mbali sana, yameiva. Mchanganyiko huo umwage shimoni, na hiyo urea isilale karibu na chumba cha chakula cha mifugo.

Mashudu ambayo hayakuiva hayatupwi. Yakaange kwenye sufuria pana kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha, mpaka yapate rangi ya kahawia hafifu na ile harufu ya maharage mabichi ipotee. Soya nzima iloweke, ichemshe nusu saa tangu maji yaanze kutokota, kisha ianike mpaka ikauke kabisa kabla ya kusaga. Lakini usizidishe moto. Yakifika kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, laisini, ambayo ni kiungo cha protini ambacho vifaranga wanakihitaji sana, hufungamana na sukari iliyomo na kuku hawezi tena kuitumia. Kipimo cha urea hakigundui kosa hilo. Chupa itakaa kimya na vifaranga wataendelea kudumaa. Hapo tegemea macho na pua.

Kuna hatari nyingine inayotokana na kimeng'enya hicho hicho. Ng'ombe au mbuzi wanaolishwa urea, kwenye majani makavu au kwenye tofali la kulamba, wasipewe soya mbichi siku hiyo. Amonia itatoka kwa kasi tumboni, na mnyama anaweza kufa kabla daktari hajafika.

Nilibadilisha gunia, ukuaji ukasimama

Mfugaji wa nguruwe alikuwa akitumia mashudu ya soya. Bei ikapanda, akanunua ya alizeti, akaweka kilo zile zile. Baada ya mwezi nguruwe wamebaki pale pale. Hapa hakuna sumu, ni hesabu tu.

Mashudu ya soya yaliyokamuliwa vizuri yana protini ya asilimia 44 hivi, mengine hufika 48. Ya alizeti iliyokamuliwa pamoja na maganda yake yana kati ya 25 na 30. Ya simsim ni 35 hadi 45. Ya pamba hutegemea kama maganda yaliondolewa: yakiondolewa yanakaribia 40, yakibaki yanashuka hadi 25 au chini ya hapo. Ya kokwa za mawese, zao ambalo hapa kwetu limelimwa sana Kalangala, ni 16 hadi 18 tu. Yanamfaa ng'ombe, lakini kwa kifaranga ni mchanga mchanga usio na faida.

Sasa chukua pumba za mahindi zenye protini ya asilimia 10. Unataka chakula cha nguruwe anayekua chenye 16. Kwa mashudu ya soya ya 44 utahitaji kilo 18 hivi katika kila kilo 100 za mchanganyiko. Ukiondoa hizo 18 na kuweka kilo 18 za alizeti ya 28, unapata 8.2 kutoka kwenye pumba na 5 kutoka kwenye mashudu, jumla 13 na kidogo. Nguruwe ameshushwa daraja bila mwenyewe kujua. Ili kurudi 16 unahitaji kilo 33 za alizeti hiyo, na zikifika kiasi hicho maganda nayo yanakuwa tatizo.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya gunia. Linganisha bei ya protini. Gawa bei ya kilo kwa asilimia ya protini. Tuseme, kwa mfano tu, alizeti ya 28 inauzwa shilingi 1,200 kwa kilo na soya ya 44 inauzwa 2,400. Kilo moja ya protini ya alizeti itakugharimu kama shilingi 4,300, ya soya kama 5,450. Kwa ng'ombe, nunua alizeti bila wasiwasi. Kwa vifaranga wa nyama, lipa hiyo tofauti.

Hesabu imekaa sawa, lakini kuku wanadonoana

Protini si kitu kimoja. Imeundwa na viungo vingi, na kiungo kilichopungua ndicho kinachoamua ukuaji. Mashudu ya alizeti, simsim, karanga na pamba yote yana upungufu wa laisini. Soya inayo kwa wingi, ila methionini yake ni kidogo; alizeti na simsim zina methionini nzuri. Kuku wanaolishwa aina moja tu ya mashudu hula sana, hunenepa mafuta badala ya nyama, manyoya hutoka vibaya, na huanza kung'oana manyoya ya mkia. Nguruwe hupata mafuta mazito mgongoni na mapaja membamba.

Dawa ni kuchanganya. Soya na simsim pamoja, hata kwa kiasi kidogo cha simsim, hufanya kazi ambayo kila moja peke yake haiwezi. Kama huna soya, mukene (dagaa) hufidia laisini, mradi uwe mukene na si mchanga wa ufukweni. Laisini ya dukani nayo ni halali kabisa; gramu chache kwenye gunia zinaweza kuokoa mchanganyiko wa alizeti. Ila kabla ya kuhukumu chakula, hesabu kuku kwenye banda. Banda lililobanana nalo huleta kudonoana, na hakuna mashudu yatakayoliponya.

Kinyesi kimejaa vipande vyeusi, chakula kinabaki kwenye chombo

Alizeti yenye maganda. Chukua kinyesi kikavu, kivunje vidoleni: utaona vipande virefu vyembamba vyenye mistari, vimepita kama vilivyoingia. Kuku hana uwezo wa kusaga nyuzinyuzi hizo. Zinamjaza tumbo na anaacha kula kabla hajapata nguvu ya kutosha. Saga mashudu, kisha yapitishe kwenye chekecheke. Sehemu laini inayodondoka ina protini zaidi, mpe kuku. Makapi yanayobaki juu mpe ng'ombe au mbuzi, ambao tumbo lao liliumbwa kwa ajili hiyo. Kazi hii inachosha, lakini hailingani na gharama ya gunia jingine.

Kiini cha yai kina rangi ya kijani, au ute umekuwa wa waridi

Mama mmoja aliniletea trei. Nikapasua yai moja kwenye sahani nyeupe: kiini kilikuwa cha kijani kibichi kilichochakaa, kimezungukwa na mabaka ya kahawia. Wateja wake walikuwa wamerudisha mayai wakidhani yameoza, ilhali hayakuwa na harufu yoyote. Nikamuuliza, "Mama, kuku wanakula mashudu gani?" Pamba.

Mbegu ya pamba ina vijitezi vidogo vyeusi vyenye sumu iitwayo gosipoli. Kwa kuku wa mayai, hata kiasi kidogo ambacho hakimuui kinaingia kwenye kiini, kinakutana na madini ya chuma yaliyomo na kubadilisha rangi. Kadiri yai linavyokaa ndivyo rangi inavyokolea, na ndiyo maana mfugaji anayekula mayai yake yakiwa mapya haoni kitu, wakati mnunuzi aliyeyaweka wiki mbili analalamika. Ute wa waridi nao unatokana na pamba, lakini kisababishi ni kingine: asidi fulani za mafuta zilizobaki kwenye mashudu. Mashudu yenye mafuta mengi, yale ya mashine ndogo, ndiyo mabaya zaidi kwa hili.

Jibu langu kwa kuku wa mayai ni moja: usiwape pamba. Ni kweli kwamba salfeti ya feri huifunga gosipoli, na viwanda vinavyopima vinaitumia. Lakini kipimo chake hufuata kiasi cha gosipoli huru kilichomo, na hicho hakijulikani bila maabara. Kukisia ni kubahatisha na kundi zima. Ukiacha pamba leo, viini hurudi rangi yake polepole kadiri kuku wanavyotaga mayai yaliyoundwa kwa chakula kipya.

Ndama au nguruwe anahema kwa shida, kisha anakufa ghafla

Bado tuko kwenye pamba, na hapa ndipo inapoua. Gosipoli hujikusanya mwilini taratibu. Mnyama anakula wiki kadhaa bila dalili, kisha anaanza kudhoofika, anahema kwa nguvu shingo ikiwa imenyooshwa, na siku moja anakutwa amelala. Wengi hudhani ni homa ya mapafu na kuchoma antibayotiki, isisaidie. Akipasuliwa, kifuani na tumboni hukutwa maji mengi, na moyo umetanuka.

Kwa nini ng'ombe mkubwa anakula mashudu yale yale na hadhuriki? Kwa sababu tumbo lake kubwa lenye vijidudu huifunga gosipoli kabla haijaingia kwenye damu. Ndama wa chini ya miezi minne bado hana tumbo lililokomaa. Kwa jambo hili yuko sawa na nguruwe. Basi mashudu ya pamba ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo waliokomaa. Ng'ombe wa maziwa aliyezoeshwa taratibu hula kilo 2 hadi 3 kwa siku bila shida, na kwa wafugaji wa Kasese na kwingine kwenye pamba, huo ni utajiri ulio mlangoni. Hakikisha tu kwamba ndama hafikii chombo cha mama yake. Vifo vingi vya namna hii hutokea kwa sababu ndama alikuwa akilamba chombo kila asubuhi wakati wa kukamua, na hakuna aliyemhesabu kuwa naye analishwa.

Fahali anayepandisha naye asipewe pamba nyingi kwa muda mrefu. Gosipoli huharibu mbegu zake. Ukiona majike wanarudi joto mmoja baada ya mwingine, msimamishie pamba na usubiri miezi miwili au zaidi kabla hujamhukumu, kwa kuwa mbegu mpya huchukua takribani siku 60 kutengenezwa.

Kuku wamepauka, chanjo hazishiki, bata wanakufa kwanza

Ukisikia kwamba bata au bata mzinga ndio walioanza kufa, fikiria sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hadi ilipogundulika kwamba chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil yakiwa na ukungu. Utafiti huo ndio uliowafikisha wanasayansi kwenye sumukuvu ya aflatoksini. Karanga zetu za Teso na Lango zina udhaifu ule ule: zikichelewa kukauka, au ganda likipasuka, ukungu huingia.

Mashudu ya karanga yana hatari ya pekee kwa sababu mbili. Kwanza, karanga nzuri huuzwa zikiwa nzima au huenda kwenye siagi ya karanga; zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu ndizo mara nyingi zinazoishia kwenye mashine ya mafuta. Pili, sumu hiyo haitoki na mafuta kwa wingi. Nyingi hubaki kwenye mashudu. Kilichokuwa kidogo ndani ya mbegu sasa kimejilimbikiza.

Dalili kwa kuku: kilemba kimepauka, ukuaji umeshuka, michubuko chini ya ngozi wakati wa kuchinja, na ini limekuwa la manjano, laini, linalovunjika vidoleni. Kinga ya mwili hushuka, kwa hiyo kundi lililochanjwa linaugua kana kwamba halikuchanjwa. Kwa ng'ombe wa maziwa unaweza usione dalili yoyote, na hapo ndipo pabaya zaidi: sumu hiyo hupita kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na watoto wa nyumbani ndio wanaoyanywa.

Watu huniuliza kama kuanika juani kunatosha. Hapana. Jua hukausha na kuzuia ukungu mpya, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki. Kupika hakuiondoi. Kuchekecha vumbi la kijani hakuiondoi. Kuchanganya gunia baya na mazuri manne ni kuisambaza tu. Udongo wa bentonaiti unaouzwa kama kifunga sumu husaidia kuishika sumu tumboni isiingie kwenye damu, na ni nyongeza nzuri kwa chakula ambacho una shaka nacho kidogo. Lakini gunia lenye ukungu unaoonekana, lililogandamana na kunuka uvundo, lizike au lichome. Najua linauma, kwa sababu ni pesa. Usimpe hata mbwa.

Kabla hujayalaumu mashudu, geukia na pumba. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu hizi hizi, na pumba ndizo nusu ya chakula chako au zaidi. Fungua magunia yote mawili.

Ng'ombe anakula mashudu, maziwa hayaongezeki

Nusa banda asubuhi. Kama mkojo unanuka amonia kali na kinyesi kimekuwa chepesi kinachoruka, ng'ombe anapata protini kuliko anavyoweza kuitumia. Vijidudu vya tumbo lake vinahitaji nguvu ili kuigeuza protini kuwa maziwa. Nguvu ikikosekana, protini huvunjwa, hugeuka urea na kutoka na mkojo. Unanunua mashudu kwa bei ghali na kuyamwaga kwenye mfereji. Mara nyingi pia mnyama huyo hachelewi kurudia joto, hashiki mimba.

Hali hii hutokea sana wakati wa mvua, majani yakiwa machanga, na mfugaji anaongeza mashudu juu ya matete mabichi na kaliandra, ambazo zenyewe zina protini. Punguza mashudu kwa theluthi, ongeza kitu cha nguvu: pumba, maganda ya matoke au mihogo yaliyonyauka, molasi ya viwanda vya sukari vya Kinyara au Kakira. Kiangazi ni kinyume chake: nyasi zimekuwa mabua, na hapo kilo moja ya mashudu huamsha tumbo zima kwa sababu vijidudu vilikuwa na njaa ya protini. Kiasi kimoja mwaka mzima hakifai. Na angalia maji. Ng'ombe anayeongezewa protini anakunywa zaidi, na ndoo mbili za jana hazimtoshi leo.

Kama maziwa ni mengi lakini samli imepungua, chunguza mafuta. Mashudu ya mashine ndogo hubaki na mafuta ya asilimia 6 hadi 12, mengine hata zaidi kama mashine imechakaa. Mafuta yakizidi katika mlo mzima, usagaji wa nyasi hudorora na mafuta ya maziwa hushuka. Bonyeza kipande cha mashudu kwenye karatasi ya daftari: doa likienea haraka na kung'aa, punguza kiasi na uongeze nyasi ndefu.

Maganda ya mayai ni laini, na nguruwe wana magamba mgongoni

Mashudu ya simsim yana faiteti nyingi, na maganda ya simsim yana okzaleti; vyote hushika kalsiamu na zinki visifyonzwe. Kwa kuku wa mayai hakikisha chokaa ya mifugo au makombe ya ziwani yaliyosagwa yanafika kilo 8 hadi 9 kwa kilo 100 za chakula. Kwa nguruwe, ngozi yenye magamba makavu ambayo haimwashi ni ukosefu wa zinki. Ikimwasha hadi anajisugua ukutani, ni upele na unahitaji dawa yake. Wengi huwachoma sindano za upele nguruwe ambao walihitaji tu premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini) yenye zinki. Wala usiwamwagie nguruwe chokaa nyingi ukidhani unasaidia. Kalsiamu ikizidi, ndivyo zinki inavyozidi kufungwa.

Wanakataa kula

Nusa gunia. Harufu ya rangi ya kupaka au mafuta ya chipsi yaliyorudiwa ni dalili kwamba mafuta yamechacha. Mafuta hayo huharibu vitamini E, na vifaranga wa wiki mbili hadi nne wanaweza kuanza kuyumba na kuangukia ubavu. Lakini ugonjwa wa mdondo nao hupinda shingo, kwa hiyo hapo muite daktari usikisie. Mashudu ya mashine ndogo yatumike ndani ya wiki chache, usiweke akiba ya msimu mzima. Yakitoka mashineni yakiwa ya moto, yatandaze kwenye turubai yapoe kabisa kabla ya kutia guniani, la sivyo hutoa jasho ndani na kupata ukungu kutoka katikati. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kama hayachachi lakini ni meusi na machungu, huenda ni ya shea, miti iliyojaa Otuke na Pader. Yana tanini na saponini, hayasagiki, na matumizi yake bora ni kuwasha moto.

Tia pia kiganja cha mashudu kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja. Makapi na pumba za mbao huelea, mchanga hukaa chini kama mstari. Fanya hivyo mbele ya muuzaji.

Kuharisha damu ndani ya siku moja au mbili baada ya gunia jipya

Simamisha chakula chote mara moja. Wakati mwingine mashine iliyokamua alizeti jana ilikamua mbarika juzi, au mashudu ya mbarika yameuzwa kama mbolea na yakaingia kwenye stoo ya chakula. Mbarika ina risini, sumu kali ambayo kiasi kidogo hutosha kuua. Mbono kaburi (jatrofa) nao si chakula. Hakuna kuchemsha wala kukaanga nyumbani kunakoyafanya mashudu hayo yawe salama kwa kulisha. Wape wanyama maji safi na nyasi, mpigie daktari wa mifugo wa wilaya, na uhifadhi kilichobaki.

Hicho kilichobaki ndicho ushahidi wako, kwa tatizo lolote kati ya haya. Chota kutoka juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, changanya kwenye beseni safi, pima nusu kilo, tia kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ukungu huendelea kukua njiani. Andika juu yake mbegu, mahali uliponunua, tarehe, na mnyama aliyelishwa. Daktari akiupeleka maabara ya Makerere au ya wizara pale Entebbe, mwombe apimishe kitu kimoja unachokishuku, si "kila kitu." Mnyama akifa, mwache apasuliwe siku ile ile, na maini mapya yawekwe kwenye barafu. Wakati unasubiri majibu, rudi kwenye chakula cha zamani, na ukianza mashudu mengine anza na robo ya kiasi, ukipandisha kwa siku 7 hadi 10.